MOND, mpinzani wa maada giza, naipa heshima yake, kura yangu siipi

Siku hizi hapa Mjini mtu akishaangalia video moja tu ya YouTube anakuja Jaws Corner, anaagiza kahawa, anakwambia ati maada giza, ule uzito usioonekana unaosemwa umejaa kwenye galaksi, ni uongo mtupu, wanasayansi wameshindwa hesabu wakaubuni. Yakhe, taratibu basi.

Ni kweli nyota na gesi za pembezoni mwa galaksi zilitarajiwa zipunguze mwendo, kama sayari za mbali na jua zinavyopunguza. Mwanaanga Vera Rubin na wenzake mwaka 1980 wakatoa vipimo vya galaksi 21, kasi haishuki ng'o. Sasa ama kuna uzito tusiouona, ama kanuni ya mvutano yenyewe inageuka huko, na hilo la pili ndo alilolileta mwanafizikia Mordehai Milgrom 1983, nadharia yake ya MOND, kwamba mvuto ukidhoofika mpaka kama mara bilioni 80 chini ya huu unaoangusha embe zetu, hesabu ya Newton haitoshi tena.

Na alitabiri, hilo mie simnyimi. Galaksi hafifu alizisemea kabla hazijapimwa vizuri, zikaja kumfuata.

Ila ugomvi wenyewe uko kwenye vipimo, na hapo wabishi wa mtandaoni hawafiki. Galaksi imelala upande kama sinia, sisi tunapata sehemu tu ya mwendo wake, ukikosea mwinamo kidogo basi kasi yote imeharibika, bado umbali, bado kukisia nyota zina uzito gani kwa mwanga wake, ukiwa huru kuchezea yote hayo nadharia gani itakushinda? Ndo maana mie naamini zaidi galaksi zilizojaa gesi, hidrojeni unaipima moja kwa moja kwa redio, makisio yanapungua sana.

Kilichonitoa MOND ni makundi ya galaksi, kule hata ukiitumia MOND, uzito unaoonekana bado hautoshi. Tena 2017 mawimbi ya mvutano na miale ya gama ya tukio moja yakafika yamepishana sekunde mbili hivi tu baada ya safari ya miaka milioni 130, nadharia kibao za ukoo huo, zilizotaka viwili hivyo vipishane mwendo, zikafa palepale.

Lakini na sie wa maada giza tuna deni. Mwaka 2016 galaksi 153 zimepangwa pamoja kwenye grafu moja, mvuto wote unafuata maada inayoonekana, mstari mmoja mwembamba. Kwa nini kisichoonekana kimtii kinachoonekana namna hii? Naambiwa ndivyo galaksi zilivyojiunda. Nimesikia, bado halijaniingia.