Dakika tunazohesabu thieta tunazimwaga wodini

Wiki hii nimeonyeshwa karatasi ya kutoka hospitali ya mzee mmoja wa Ahero, bintiye tunasali naye, akaniletea nimsomee mwandiko wa daktari ambao kusema ukweli hata sisi manesi wa thieta tunausoma kwa imani. Mzee alikuwa na uvimbe kwa figo ya kushoto, wakatoa uvimbe wenyewe figo ikabaki, kazi safi, kidonda kimekauka vizuri. Alafu chini ya antibayotiki nikaona diklofenaki, dawa ya maumivu, mara mbili kwa siku, siku kumi. Chini yake losatani H, ile ya presha, imeandikwa "endelea". Nikanyamaza hadi yule dada akaniuliza, "Sista, kwani kuna shida?"

Iko, na kubwa. Wacha kwanza niwaambie venye watu hutoka jasho ili hiyo figo ibaki, ndio muelewe kwa nini nimekasirika.

Figo hizi mbili, kila moja saizi ya ngumi yako, zinachukua karibu moja ya tano ya damu yote moyo unasukuma. Sasa ukikata kitu kama hicho damu ikiwa inapita utakuwa unakata huoni. Kwa hivyo mara nyingi daktari anatafuta mshipa unaoingiza damu anaubana na klampu. Kuanzia hapo figo iko na joto la mwili na haipati oksijeni, na vile vijifereji vya ndani ambavyo hufanya kazi ngumu ndivyo huumia kwanza. Mimi hapo kazi yangu ni saa ya ukutani. Naita kwa sauti, tano! kumi! kumi na tano! Thieta yote inanyamaza, hata yule wa usingizi mwenye hawezi maliza asubuhi bila stori za mpira wa Gor Mahia anaacha. Uvimbe unatoka, daktari anashona mbio, klampu inafunguliwa, rangi inarudi, ndio watu wanapumua. Hapa kwetu wengi bado wanafunguliwa ubavuni kwa kisu, roboti tunaziona YouTube, lakini roboti au kisu mshipa unabanwa tu vile vile.

Na hizo dakika hatuziiti kwa urembo. Mwaka wa 2010 Mayo Clinic na Cleveland Clinic walitoa hesabu ya wagonjwa 362 ambao walikuwa wamebaki na figo moja tu na ikabidi ikatwe kipande, wakaona hatari ya figo kushindwa inapanda kwa kila dakika inayoongezeka, na dakika 25 ndio ikawa mstari wa kutovuka. Ikijulikana mapema uvimbe ni mkubwa ama umekaa vibaya, mshipa ukishabanwa figo inazungushiwa barafu safi iliyopondwa, inaachwa ipoe kama dakika kumi kabla kisu kuguswa, ikishuka chini ya digrii 20 inavumilia muda mrefu zaidi. Umewahi kushika barafu na glovu kwa hizo dakika? Vidole vinakufa. Siku hizi wakubwa wanasema kiasi cha nyama nzuri unachoacha ndicho kinaamua zaidi kuliko saa, eti tusiabudu saa. Sawa, ushahidi uko, nakubali, ingawa mimi mwenye saa siwezi sema nimefurahia.

Kuna pia manitoli, ile dripu watu walikuwa wanaweka kabla ya kubana, ati ilinde figo, kama maji ya baraka. Memorial Sloan Kettering kule New York wakaijaribu vizuri, wagonjwa 199, matokeo yakatoka 2018, miezi sita baadaye kazi ya figo haikuwa na tofauti na ya waliowekewa maji ya chumvi. Bado unaikuta kwa bili ya mtu.

Basi hayo yote yakishafanywa, mgonjwa anapelekwa wodini, na huko hakuna mtu anahesabu chochote.

Kwa sababu damu kupungua kwa figo haiishi klampu ikitolewa, na hapa ndio naomba mnisikize. Figo ikiona damu imekuwa kidogo hutengeneza kemikali zake za kufungua ule mshipa mdogo wa kuingilia kwa kichujio. Diklofenaki, Brufen na ukoo wao wote huzima hizo kemikali, ndio njia ile ile zinatuliza maumivu. Losatani nayo inalegeza mshipa wa kutokea, kwa hivyo nguvu ya kusukuma damu ndani ya kichujio inashuka. Ile H ni ya kukojoza, inapunguza maji mwilini. Sasa mpe mzee wa miaka sabini hizo tatu, na hana hamu ya chakula, na ni Kisumu hii ya jua la Februari, na mkojo haupimwi kwa sababu mfuko wa katheta umejaa na mtu wa shifti ameumwaga bila kuandika. Umembana mshipa tena, ila safari hii hakuna mtu anaita dakika, na si dakika 25, ni siku kumi!

Na kabla hata ya thieta. Unaambiwa usile usinywe tangu saa sita usiku, unaamka na kiu, listi inasongeshwa, kuna dharura ya mama wa kujifungua imeingia mbele, unaitwa saa nane mchana midomo imepasuka. Wataalamu wa usingizi walishakubaliana kitambo kwamba mtu mzima asiye na shida ya tumbo anaweza kunywa maji matupu hadi masaa mawili kabla ya operesheni. Nimesema hivi kwa mikutano, nikaambiwa "sista, tunafuata utaratibu". Utaratibu gani huo wa kupeleka figo kavu ikabanwe?

Alafu mtu anakuja na kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo. Ati imetoka kawaida kwa hivyo hakuna kitu kimeharibika. Kreatinini ya mtu mwenye figo mbili ni muongo mpole sana, hii moja ikilala ile nyingine inabeba, unaweza poteza karibu nusu ya kazi ya figo na namba bado iko ndani ya mstari wa maabara. Vile vichujio, karibu milioni moja kila upande, vikifa havioti tena. Kwa hivyo hata wale wa "figo moja inatosha" mniwie radhi, inatosha ukiwa kijana huna presha huna sukari. Wengine tunawaona dayalisisi mara mbili kwa wiki.

Najua mtaniambia nini. Kuna madaktari wanasema dozi chache za hizi dawa kwa mtu mwenye figo zote mbili nzuri hazina neno. Haya, dozi chache. Na ni kweli pia mofini ukiitafuta saa tisa usiku utaambiwa kabati limefungwa na mwenye funguo ameenda Kakamega, na mgonjwa aliyekatwa ubavu hawezi kuambiwa avumilie, asipopumua vizuri nimonia iko hapo. Sijasema mtu aachwe na maumivu. Nimesema parasetamoli ya dripu iko, tramadol iko, sindano ya ganzi kwa kidonda daktari anaweza weka kabla hajafunga, na hakuna hata moja ya hizo inagusa ule mshipa wa figo.

Mzee wa Ahero nimemwambia bintiye ampigie daktari kabla ya dozi ya jioni. Daktari kwa kweli alikuwa mstaarabu, akaondoa diklo, akasema losatani ingoje hadi presha na damu vipimwe. Ni simu ya dakika mbili tu. Lakini hiyo dawa ilikuwa imeshanunuliwa, na mwenye kuiuza Kondele alikuwa ameongeza Brufen "ya kusaidia", bila karatasi, bila swali.

Na wewe mwenye chemist, najua unasoma hii. Kabla umpe mtu Brufen muulize kama ametoka operesheni ya figo ama anameza dawa za presha. Panadol ikikuishia kwa shelfu nipigie, nitakuletea yangu.