Mbunge akihama chama, kiti ni cha nani?

Oktoba 2017 Lazaro Nyalandu alijivua uanachama wa CCM na kuuachia ubunge wa Singida Kaskazini. Januari 13, 2018 wananchi wake wakapanga foleni upya kupiga kura ya uchaguzi mdogo. Januari huku Kanda ya Kati ni mwezi wa palizi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na siku ya jembe ikipotea imepotea.

Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha, kiti kiwe wazi. Hoja yake ni nzito. Kwenye karatasi ya kura kuna picha ya mgombea na nembo ya chama, na wapo wengi wanaoitafuta nembo kwanza. Kuhama na kura zao ni dhuluma. Nyalandu alihama akakiacha kiti, na kwa hilo namheshimu.

Ila mwezi uliofuata, Godwin Mollel wa Siha aliyetoka CHADEMA na Maulid Mtulia wa Kinondoni aliyetoka CUF walirudi kwenye viti vile vile kwa tiketi ya CCM. "Kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, ndivyo ilivyosemwa siku zile. Walijiuzulu, wakahama, wakagombea, wakaapishwa tena, na bili ya uchaguzi ikatujia sisi walipa kodi. Sheria gani hiyo isiyomgharimu mhamaji chochote?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ibara hiyo hiyo inakipa chama rungu. Mbunge akikisema chama chake kwa ajili ya jimbo, anaweza kuvuliwa uanachama na ubunge ukaenda nao. Na rungu lenyewe halipigi sawa: wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na CHADEMA Novemba 2020 waliendelea kuketi bungeni hapa Dodoma.

Mlango mwingine ulishafunguliwa hapa hapa Dodoma. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila katika kesi ya mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, Bunge likabadili Katiba kuuziba. Mahakama ya Afrika, Arusha, nayo ikampa haki mwaka 2013. Mgombea binafsi angekuwepo, mbunge aliyekosana na chama kwa dhamira angerudi kwa wananchi peke yake, bila kuomba hifadhi kwa chama kingine.

Kwangu mimi, kiti kiendelee kuwa wazi mbunge anapohama, lakini aliyejiuzulu asiruhusiwe kugombea uchaguzi mdogo aliousababisha mwenyewe. Asubiri uchaguzi mkuu.