Koti la Kongowea

Koti hilo limening'inia nyuma ya mlango wa chumba changu tangu Novemba. Jeusi, zito, lina manyoya shingoni. Mamangu alilinunua Kongowea, hapa Mombasa, kwenye mitumba kwa shilingi 800, baada ya kumlilia muuzaji mpaka akashuka kutoka 1,500. Wakati huo mimi hata fomu za kuomba chuo Marekani sijamaliza kujaza. Lakini mamangu ni mtu wa Likoni: feri ikiwa bado ng'ambo ya pili, yeye keshajipanga mbele na kikapu.

Sasa ni Machi. Kaskazi imekufa, kusi haijazaliwa, ni maleleji, hata pazia halitikisiki. Joto limefika nyuzi 33 na lile koti limesimama pale mlangoni kama shemeji aliyekuja kudai mahari. Nikiamka usiku kunywa maji, hushtuka, kisha nalisalimia.

Kisa chenyewe ni mikoko. Nina shahada yangu ya kwanza, nina kibarua cha kuhesabu miche ya mikoko pale Tudor, na mwaka jana nikaingiwa na wazimu wa kuomba shahada ya uzamili Marekani. Vyuo vitano. Bibi yangu aliponiuliza huko ninakotaka kwenda kuna mikoko, nilifanya kosa la kusema kweli. Nikamwambia, la, bibi, mikoko haistahimili baridi ya kugandisha maji, lakini kuna maabara.

"Kwa hiyo mikoko iko hapa."

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe uko hapa."

"Ndiyo."

"Halafu unataka kupanda ndege uende kusiko na mikoko, ukasomee mikoko."

Kamati yoyote ya chuo haijaniuliza swali gumu kama hilo. Kamati hazijaniuliza swali lolote, na hapo ndipo taabu yangu ilipo.

Kwanza hesabu. Vyuo viwili vilinisamehe ada baada ya kuandika barua ya kuthibitisha umaskini wangu kwa Kiingereza kizuri. Kati ya vitatu vilivyobaki, kilicho ghali zaidi kilitaka dola 90. Kwa shilingi 129 kila dola, hiyo ni 11,610. Ami yangu aliposikia aliweka kikombe chini. "Elfu kumi na moja kwa kusomewa barua tu? Bora ungenisomea mimi, ningekutoza mia mbili na kahawa nikakununulia." Toka siku hiyo, kila akiniona hukumbusha, maana mia moja na ushei kati ya hizo, ile iliyozidi elfu kumi na moja na mia tano, ni yake.

Kisha barua za wadhamini, tatu. Yaani watu wazima watatu waape kwamba mimi ni mwerevu. Mmoja akaniambia niandike mwenyewe, yeye atie sahihi. Wewe ushawahi kujisifu kwa nafsi ya tatu? Nilianza kwa haya, "ni kijana mwenye bidii." Kufika aya ya tatu nilikuwa nimejivika kilemba, mikoko yote ya pwani ya Kenya inanitegemea. Nikaisoma, nikatamani kumjua huyo kijana.

Mwingine alikuwa mtu wa "nitaituma kesho". Mwisho wa kupokea ulikuwa tarehe mosi Desemba, saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya tarehe mbili. Usiku kucha sikulala. Saa moja na nusu asubuhi akanipigia, yumo ndani ya feri, anasema intaneti yake inasuasua. Nilimshika mkono kwa simu kama mkunga: bonyeza hapo, la, si hapo, shuka chini, haya sukuma. Ikaingia saa mbili kasoro dakika nne. Watu wa ndani ya feri walimpongeza wakidhani amepata mtoto.

Sasa nikueleze dhambi yangu mwenyewe. Barua ya kujieleza niliandika moja, nikawa naibadilisha kidogo kidogo kwa kila chuo. Pale panapotakiwa jina la mwalimu ninayetaka kufanya utafiti chini yake, niliacha alama ya Kiswahili katikati ya kile Kiingereza, kwa herufi kubwa, ili nisisahau: JINA LA PROFESA HAPA.

Ili nisisahau!

Vyuo vinne nikajaza. Cha tano nikatuma hivyo hivyo. Nikagundua Januari, usiku, nikiisoma barua yangu kwa kujifurahisha, maana mpaka hapo niliiona tamu. Imeandikwa kwamba nimeufuatilia kwa miaka mingi utafiti wa Jina La Profesa Hapa, na kwamba hakuna heshima kubwa kwangu kuliko kushirikiana naye. Nikawaona wale wazee wa kamati wamekaa mezani wakimtafuta. Mmoja anasema labda ni yule mgeni wa idara ya jiolojia. Mwingine anasema, la, huyu Hapa nadhani alistaafu.

Chuo hicho ndicho kilichonijibu kwanza, mwezi wa Februari. Aya tatu za adabu tupu, ushindani ulikuwa mkali, wananitakia kila la heri. Mamangu akataka nimtafsirie. Nikamtafsiria kwa neno moja: hapana. Mimi niliwaandikia Hapa, wao wakaongeza silabi.

Vikabaki vinne, na kungoja kwenyewe.

Mtu asinielewe vibaya, kungoja ninakujua. Nimekulia Likoni. Kivuko ni kama nusu kilomita ya maji na nimewahi kukingoja saa nzima chini ya jua, mbele yangu mkokoteni wa vitunguu, nyuma yangu mtu ananipumulia shingoni. Lakini feri unaiona! Iko pale, inageuza matako, unajua ikishajaa itakuja. Mwezi wa Idi nao tunaungoja, lakini mwezi hauna ujanja: usipoandama ishirini na tisa, thelathini umeisha, utake usitake. Maji ya bahari yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na bamvua ikija unaijua tangu wiki iliyopita. Hata adhana ya magharibi, ambayo Ramadhani hii nimeingoja na tende mkononi, haijanichelewesha hata siku moja.

Hawa wa vyuo hawana ng'ambo inayoonekana. Unafungua ukurasa wao, unatia nenosiri, umeandikwa: ombi lako linaangaliwa. Tangu Desemba linaangaliwa. Bi harusi wa Mji wa Kale, pamoja na hina yake na mashangazi wote wa bwana, haangaliwi hivyo. Wanaangalia nini? Nina kurasa mbili tu!

Na saa zao nazo zinanitesa. Wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi na moja jioni. Wakifunga, kwetu ni saa saba usiku. Kwa hiyo zamu yangu ya wasiwasi inaanza wakati mamangu anakaanga viazi karai na inaisha wakati paka wanapigana juu ya mabati. Futari sijui ladha yake mwaka huu. Tonge mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, uji unapoa. Halafu Jumapili ya pili ya Machi, bila kuniuliza, Wamarekani wakasogeza saa zao mbele. Nikakaa wiki nzima naanza wasiwasi saa kumi na moja, kumbe wenzangu wameingia kazini tangu saa kumi. Saa nzima ya wasiwasi kila siku, imepotea hivi hivi.

Ungefikiri basi ningengojea peke yangu kwa siri. Mombasa hii? Mamangu alimwambia shoga yake mmoja, tena kwa kumwapisha. Baada ya siku mbili muuza mahamri akanibakishia mbaazi kidogo "za msafiri". Sasa salamu za mtaa wetu zimeongezeka kipengele. Sabalkheri. Habari za nyumbani? Mama hajambo? Wamekujibu? Nikisema bado, wananitazama kama mtu aliyechelewa kuoa. Kwenye kahawa, wazee wameshagawanyika. Kuna wanaosema kimya kirefu ni dalili njema, kuna wanaosema jina langu la pili ndilo litaniponza ubalozini, na kuna mmoja anayeamini kwamba barua imekuja ila imefungiwa posta. Nimemweleza mara kumi kwamba huja kwa simu. "Ndiyo," anasema, "lakini ya kweli huja posta."

Bibi naye ana methali mbili. Asubuhi, tumbo likiwa tulivu, huniambia subira huvuta heri. Jioni akiniona nimeishika ile simu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimemuuliza nishike ipi. Akasema nishike ufagio, uwani kuchafu.

Wiki iliyopita nilidhani yametimia. Nilikuwa Tudor, matope magotini, nahesabu. Miche ya mkoko wenyewe ni rahisi, mbegu yake huota ikiwa bado juu kwa mamake, huanguka imekwisha kuwa ndefu kupita penseli. Taabu ni mchu, ambao mizizi yake hutokeza juu kama vidole maelfu, ukikanyaga vibaya unacheza chakacha. Simu nimeitia kwenye kopo la mamangu la kashata na kulifunga shingoni. Nimefika mche wa 214, kopo likatetema.

Nikafungua. Kidole gumba kina tope, simu haikunitambua. Kidole cha pili, hainijui. Nikajifuta kwenye fulana, ambayo nayo ilikuwa tope. Nikajaribu pua. Pua nayo hainijui, ila iliwasha tochi. Nikakumbuka kuna namba za siri, nikazitia kwa kiwiko. Barua pepe imesema: kuna taarifa mpya kuhusu ombi lako, tafadhali ingia uisome. Yaani mtu amebisha hodi, umefungua mlango, anakwambia mfuate kwake. Naingia, bando limekwisha.

"Kijana!" mzee wa kikundi akaniita kutoka ukingoni. "Maji yanajaa!"

Nami namnyanyulia simu, kana kwamba hiyo itayazuia. Ilikuwa bamvua, siku ambayo maji hupanda karibu mita nne, na yalikwishafika kwenye mapaja. Nilitoka pale nimeinua kopo la kashata kichwani kama mpeleka hidaya, nikapanda tuktuk na matope yangu, dereva akanitoza nauli ya abiria na ya mzigo. Kwenye duka la kompyuta kijana akanitandikia gazeti nikae. Nikaingia. Moyo unapiga ngoma.

Taarifa mpya ilikuwa hii: wamepokea matokeo yangu ya TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza. Yaliyotumwa Novemba. Matokeo hayo huhesabika miaka miwili tu, kwa mwendo huu yatatangulia kufa yenyewe, nibaki mimi. Na ile hesabu ya miche sikumbuki kama 214 niliihesabu au niliikanyaga, kesho yake nikaanza upya.

Jibu la kweli limekuja juzi, usiku baada ya tarawehe, wala sikuwa nimelingoja. Nilikuwa nimelala chali sebuleni nimetosheka na maharagwe ya nazi. Nikafungua kwa uvivu. Nikasoma mara moja, mara mbili, nikakaa.

Hawakunikataa. Hawakunichukua. Wameniweka kwenye orodha ya wanaongoja.

Nikueleze vizuri, maana nimeisoma usiku kucha. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi pamoja na ufadhili asishurutishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Hivyo mpaka siku hiyo kuna mwenzangu mahali fulani, mwerevu kuliko hata yule kijana niliyemwandika kwenye barua ya mdhamini, amekalia nafasi nne peke yake, kama wale mama harusini wanaoweka mkoba kiti hiki, mtandio kiti kile, na ukiuliza unaambiwa kuna mtu. Akichagua chake kimoja na kuondoa mikoba, huenda orodha ikasogea. Miezi minne nangoja, na sasa wamenipa cheti.

Mamangu aliniona uso umebadilika. "Nini? Wamekujibu?"

"Wamenikubalia kungoja."

Wallahi nilitamka maneno yote mawili, tena kwa sauti. Lakini la kwanza lilipotoka tu alikwisha kupiga kigelegele, la pili likazama humo. Cha pili akakipigia mlangoni. Jirani akaitikia kutoka dirishani bila kujua anaitikia nini. Bibi akaamka akauliza nani kaolewa. Mimi niko katikati ya sebule nainua mkono kama askari wa trafiki: mama, sikiliza, mama, ni orodha. "Ndiyo," ananiambia machozi yanamtiririka, "na jina lako limo!"

Ningemjibu nini? Limo.

Leo asubuhi nimeamka nyuma ya mlango hakuna mtu. Nimetoka nje, koti liko kwenye kamba linaanikwa, na ami yuko kando yake anapima mikono, anasema likinipwaya atanisaidia. Muuza mahamri ameleta dazeni nzima bila kulipwa. Wa nyumba ya tatu, ambaye tangu Idi iliyopita hatusemeshani kwa ajili ya kuku, ameleta hongera mpaka ukumbini na kuuliza nasafiri lini.

Mamangu amemwambia tarehe 15 Aprili.