Rose mmoja, mizani tatu: tuzo za Viola Davis zikitazamwa kutoka Lubumbashi

Jumapili moja, katika lupango moja, yaani ua wa nyumba, la Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kikundi cha maigizo kilikuwa kinangoja umeme urudi ili kiendelee na mazoezi. Mama mmoja wa kikundi alikuwa anasonga bukari, yaani ugali, pembeni, mtoto akimpulizia makaa. Msichana mdogo kuliko wote akanisogezea simu yake yenye kioo kilichopasuka. Ilikuwa picha ya Viola Davis, mwigizaji wa Marekani. "Yaya, ona uyu mama," akasema, akiniita hivyo kama mkubwa wake. "Balimupatia yote ine." Akahesabu kwa vidole tuzo kubwa za Marekani: Emmy ya televisheni, Grammy ya kazi za kurekodiwa, Oscar ya filamu, Tony ya jukwaa. Papa mmoja aliyeegemea ukuta, mtu aliyeanza kuigiza kabla sisi hatujazaliwa, akauliza: "Balimupima na nini?"

Swali hilo sijaweza kuachana nalo. Halikuwa swali la wivu. Papa yule alitaka kujua kweli, kama fundi anayeuliza fundi mwenzake anatumia kipimo gani.

Nianze na haki ya mama mwenyewe. Viola Davis alizaliwa mwaka 1965 South Carolina, akakulia katika umaskini mkali Central Falls, mji mdogo wa Rhode Island, kisha akasomea uigizaji Juilliard, New York. Tony ya kwanza aliipata mwaka 2001 kwa mchezo wa August Wilson, King Hedley II. Ya pili ikaja mwaka 2010 kwa mchezo mwingine wa Wilson, Fences. Mwaka 2015 akapata Emmy, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kushinda kama mwigizaji mkuu katika tamthilia ya televisheni. Mwaka 2017 ikaja Oscar, kwa filamu iliyotokana na Fences ileile. Februari 2023 akapewa Grammy kwa kusoma kwa sauti kitabu cha maisha yake, na hapo akawa mtu wa 18 kukamilisha nne zote.

Hiyo Grammy naiweka kando. Ni heshima, lakini kusoma kitabu siyo kuigiza. Uzito uko kwenye zile tatu, za jukwaa, televisheni na filamu, na hapa naomba wenzangu wanaobeza tuzo za Wamarekani wanisikilize kidogo. Watu husema "uigizaji" kana kwamba ni kazi moja. Jukwaani unaanza mwanzo, unakwenda hadi mwisho, usiku baada ya usiku, na sauti yako lazima imfikie aliyekaa mstari wa mwisho. Kwenye filamu unaweza kulia msiba Jumatatu na kuigiza harusi ya marehemu huyohuyo Alhamisi, kwa sababu picha hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Televisheni inakutaka ubebe mtu mmoja kwa miaka. Yeye alimbeba mhusika mwanasheria, katika How to Get Away with Murder, misimu sita, kuanzia 2014 hadi 2020, na mtazamaji asimchoke.

Sisi tunaijua tofauti hii kwa mwili. Nimewaona waigizaji wetu wazuri wa jukwaani wakisimama mbele ya kamera kwa mara ya kwanza. Wanapaza sauti kana kwamba wanamwita mtu ng'ambo ya barabara, mikono inaruka, na mpiga picha anarudi nyuma hatua moja, halafu mbili. Siyo kwamba hawajui kazi. Wanaijua kazi ya hadhira ya watu mia tatu uwanjani, na kamera ni mtu mmoja aliyekukaribia mpaka anaziona kope zako.

Sasa mtazame Viola katika Doubt, filamu ya mwaka 2008. Ana tukio moja la maana, dakika chache tu, anaongea na Meryl Streep wakitembea nje. Ni mama anayemtetea mwanawe. Machozi yanatoka, kisha kamasi inamtiririka puani, naye haifuti. Anaendelea kuongea. Mama anayehofia mtoto wake hana nafasi ya kufikiria pua. Jukwaani aliyekaa nyuma asingeiona kamasi ile, ingepotea bure. Mbele ya kamera ndiyo iliyosema kila kitu, na kwa dakika zile chache aliteuliwa kuwania Oscar. Mtu anayejua lini sauti ifike nyuma ya ukumbi na lini kamasi itoshe, huyo ni fundi, na waamuzi wa aina tatu tofauti walipomwona hivyo, sioni sababu ya kuwabishia.

Lakini Papa aliuliza wanapima na nini, na hapo ndipo mizani inaanza kuyumba.

Mchukue Rose, mke wa mzoa taka katika Fences, mhusika aliyempa Viola tuzo mbili. Mchezo huo ulipofika Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1987, Rose aliigizwa na Mary Alice, akapata Tony kama mwigizaji msaidizi. Mwaka 2010 Viola akamwigiza Rose huyohuyo, akapata Tony kama mwigizaji mkuu wa kike. Mwaka 2017, kwenye filamu, Rose akarudi kuwa msaidizi, na Viola akashinda Oscar akiwa kwenye kundi hilo. Mke ni mmoja, mume ni mmoja, ua linalojengwa ni lilelile. Kilichobadilika ni kundi alilowekwa, na kwenye Oscar watayarishaji hufanya kampeni katika kundi wanaloona lina nafasi nzuri ya kushinda. Kipimo kinachomwita mtu mkuu leo na msaidizi kesho bado ni kipimo, ila anayekisoma lazima ajue nani ameshika mkono wa mizani.

Halafu kuna mlango. Tony ni ya Broadway peke yake, kumbi 41 za mji mmoja. Ukiigiza kama malaika Kamalondo hapa mjini kwetu, au hata Chicago, hauhesabiwi humo. Oscar nayo, mwaka 2015 na mwaka 2016, waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa weupe, miaka miwili mfululizo. Viola mwenyewe alisema wazi alipopokea Emmy kwamba kinachowatenga wanawake weusi na wengine ni nafasi tu, kwa kuwa huwezi kushinda tuzo kwa uhusika ambao haujaandikwa. Mshindi akisema hivyo na tuzo ikiwa mkononi mwake, tunapaswa kumwamini kuliko tunavyoiamini tuzo.

Sisi tuna ushahidi wetu. Mwaka 2012 tamasha la filamu la Berlin lilimpa Rachel Mwanza tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Alikuwa kijana aliyewahi kuishi mitaani Kinshasa, hakusomea uigizaji popote, na filamu yake ilitengenezwa na mwongozaji kutoka Kanada. Nilifurahi mpaka nikaimba. Baadaye nikafikiri: kamera ile isingekuja, kipaji kilekile kingekuwa barabarani kikiuza maji.

Na sasa nije nyumbani, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Lubumbashi ilikuwa na mwigizaji Mufwankolo. Kikundi chake kiliigiza jukwaani, redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili chetu hiki cha mgodini na sokoni, bila maandishi. Walikaa, wakajadiliana hadithi, wakagawana uhusika, wakaenda. Mwaka 1986 Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyefundisha Amsterdam, alipewa firigisi ya kuku mezani hapa mjini, naye akataka kuigawa. Akaambiwa mamlaka huliwa nzima. Akawauliza akina Mufwankolo maana ya methali hiyo. Wakaamua kuitengenezea mchezo mzima. Fabian alirekodi mazungumzo na mazoezi yao, akayaandika neno kwa neno, na mwaka 1990 yakatoka kitabuni huko Marekani.

Tungependa kusema kwamba Mufwankolo hakuhitaji tuzo, kwa sababu mji wote ulimpa yake. Nimelisema hilo mara nyingi na bado nalisema: kicheko cha watu wa Kenya na Katuba, mitaa yetu hapa mjini, ni mahakama ngumu kuliko kura za watu wasiokujua. Lakini kicheko hakiandikwi. Kazi ile ya mwaka 1986 tunaijua hatua kwa hatua kwa sababu mgeni alikuja na kinasa sauti. Michezo mingine mingi ya kizazi kile imebaki kwa wazee, na kila mwaka wazee wanapungua.

Ndiyo maana naanza kuona tuzo kwa jicho lingine. Sifa zake zinaweza kubishaniwa, kundi linaweza kukosewa, lakini tuzo inaacha mwaka, jina na uhusika. Rose wa 1987 nimemjua kwa sababu hiyo. Siku ile lupangoni nilimwomba Papa atuambie uhusika wake mkubwa kuliko wote. Akasimama, akatuigizia mfanyakazi wa mgodi anayemficha mkewe mshahara, na hata anayesonga bukari akaacha mwiko. "Mwaka gani, Papa?" Akafikiri. "Ilikuwa mbele ya Kabila aingie." Aliigiza na nani? Majina mawili aliyakumbuka, ya tatu hapana.

Najua pingamizi. Tukianzisha tuzo hapa, itaenda kwa shemeji wa mheshimiwa, na mwaka wa pili kutakuwa na bahasha. Hofu hiyo ni ya haki. Mji huu ulijengewa ukumbi mzuri wa maigizo miaka ya 1950, huo tunaouita leo Bâtiment du 30 Juin, na wabunge wa jimbo ndio waliokuja kuutumia. Lingine ni lugha: atakayeigiza kwa Kifaransa ataonekana msomi, na wa Kiswahili ataitwa mchekeshaji. Kwa hiyo sisemi tuanze na sanamu za dhahabu na zulia. Nasema tuanze na kile kilichomo ndani ya tuzo, yaani orodha: mchezo gani, tarehe gani, wapi, nani aliigiza nani.

Nilimwambia hivyo msichana wa simu. Umeme uliporudi alikuwa tayari ameshika daftari la shule la mdogo wake, ameandika tarehe na jina la mchezo, anazunguka akiuliza. Alipofika kwa mama wa bukari, anayeigiza mama mkwe, akaandika jina tunalomwita sote, jina la uhusika wake. Kisha akalikata. "Mama, jina yako ya kweli?" Mama akajifuta mikono kwenye kitenge, akakaa, akalitaja polepole, herufi kwa herufi, akichungulia daftari kuona kama limeandikwa sawa.