Kabla ya Kunyunyizia Chochote, Chimba Udongo Kwanza

Nilipohamia Kigamboni, eneo la nyuma ya nyumba lilikuwa mchanga mtupu, ule mchanga wa pwani unaomeza ndoo nzima ya maji na baada ya robo saa ukawa mkavu tena. Nilifanya wanavyofanya wakazi wengi wa Dar es Salaam: niliagiza lori la udongo mweusi, nikausawazisha, nikapandikiza ukoka upande mmoja na kuinua matuta ya mboga upande wa pili. Kabla ya mwezi wa pili kwisha, ndago zilikuwa zimechomoza kila mahali, hata katikati ya mchicha, nikatambua kwamba nilikuwa nimenunua udongo pamoja na gugu ambalo lingenichukua miaka kuliondoa. Tangu hapo humwambia kila anayetaka kuagiza udongo kwamba aombe kwanza ndoo moja, aimwagilie kila siku kwa wiki tatu, na aone kinachoota humo kabla hajalikaribisha lori getini.

Ninaanza na ndago kwa sababu ndizo zilizonifundisha jambo ninalotaka kulisema hapa. Kilimo hai katika bustani za nyumbani kinaeleweka vibaya. Siku hizi kila mtu anatumiwa kwenye simu maelekezo ya dawa za asili, leo kitunguu saumu na pilipili, kesho majivu na sabuni, na wengi huamini kwamba wakiweka kando chupa ya dukani na kushika chupa iliyochanganywa jikoni, tayari wanalima kilimo hai. Sikubaliani na imani hiyo. Mtu wa namna hiyo bado anatafuta kitu cha kunyunyizia, ilhali matatizo mengi ninayoonyeshwa na majirani yameanzia kwenye udongo, kwenye maji, au kwenye tabia ya kupanda zao lilelile mahali palepale kila msimu, na hakuna kinyunyizo kinachofika huko.

Turudi kwenye ndago. Kosa la kawaida, ambalo nami nililifanya kwa bidii kubwa, ni kuzilima kwa jembe kila Jumamosi. Ndago huishi kwa viazi vidogo vilivyoungana chini ya ardhi kama shanga kwenye uzi, na jembe linapoukata uzi huo, vile viazi vilivyokuwa vimelala huamka na kila kimoja huchipua peke yake. Kinachofaa ni kuinua udongo kwa uma wa bustani ukiwa na unyevu, kuvitoa viazi pamoja na mizizi, na kuvianika juani hadi vikauke kabisa, bila kuvitupa kwenye lundo la mbolea. Vitakavyobaki vikichipua, machipukizi yakatwe kila baada ya wiki mbili au tatu bila kuchoka, kwa maana jani changa linakula akiba ya kiazi kabla halijaanza kuirudisha. Msaidizi wangu mkubwa zaidi, hata hivyo, amekuwa matembele. Ndago haivumilii kivuli, na tuta lililofunikwa na matembele mazito kwa miezi kadhaa huwa na ndago chache kuliko lolote nililolipalilia kwa mkono.

Kwa ukoka hali ni tofauti kidogo, kwa sababu ukoka wenyewe nao unahitaji jua. Wapo wanaoupandikiza chini ya mwembe kila mwaka, unakufa, wanaupandikiza tena, na hatimaye wanalaumu mbegu au mtunza bustani. Chini ya mwembe pandeni nyasi za majani mapana zinazovumilia kivuli, au pafunikeni kwa matandazo na kuweka kiti cha kupumzikia. Penye jua, ukoka hudhoofika zaidi kwa kunyolewa hadi mizizi kuonekana, jambo ambalo watu hulifanya ili wasikate mara kwa mara. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja, na yale yaliyokatwa, ikiwa ni mafupi, yaache palepale yaoze, kwa kuwa ndani yake mna naitrojeni ambayo vinginevyo utailipia dukani.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniumiza kila asubuhi. Katika mitaa mingi ya jiji hili, siku huanza kwa ufagio na kiberiti: majani makavu yanafagiwa, yanakusanywa pembeni na kuchomwa moto, kisha wiki hiyohiyo mwenye nyumba ananunua mifuko ya samadi. Ninaelewa kwamba uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba, nami nilielelewa hivyo. Ninachoomba ni kwamba ufagio ubaki na kiberiti kiondoke. Majani yale ni chakula cha udongo, na mchanga wa pwani, ambao hauna uwezo wa kushika maji wala virutubisho, hauna rafiki mwingine wa kudumu isipokuwa mboji.

Lundo langu la mboji ni la kawaida kabisa. Ninaweka tabaka la vitu vikavu, kama majani na mabua yaliyokatwakatwa, kisha tabaka jembamba la vitu vibichi, yaani maganda ya jikoni, majani mabichi na samadi kidogo, ili vikavu viwe mara mbili hadi tatu ya vibichi kwa ujazo. Majani ya mwembe ni magumu na huchelewa kuoza, kwa hiyo ni lazima yapondwepondwe kwanza. Unyevu ninaupima kwa kukamata konzi na kuiminya: yakitoka matone mawili matatu inatosha, yakitiririka ni mengi, na lundo litaanza kunuka. Lundo lililopangwa vizuri hupata joto lenyewe, na katikati yake likifikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, mbegu nyingi za magugu hufa. Ninaligeuza kila baada ya wiki mbili hivi, na kwa joto letu la pwani mbolea vunde huwa tayari kati ya miezi miwili na mitatu. Wanaolalamika kwamba lundo lao limekaa mwaka mzima bila kuoza, nikienda kulitazama hukuta ni kavu kabisa ndani au ni la majani matupu bila kitu kibichi. Samadi ya kuku nayo isipelekwe mbichi kwenye mimea, kwa sababu huunguza mizizi. Iingie kwanza kwenye lundo.

Juu ya majivu nina neno la tahadhari, maana ushauri huu huzunguka nchi nzima bila kuuliza umefika wapi. Majivu hupunguza tindikali ya udongo. Mkulima wa Rungwe au Lushoto, ambako mvua nyingi zimeufanya udongo kuwa na tindikali, anaweza kunufaika nayo. Sehemu nyingi za pwani, penye udongo uliotokana na matumbawe, tayari zina chokaa ya kutosha, na kumwaga majivu hapo kila wiki ni kuuzidishia udongo kile kilichokwisha kuzidi. Dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani: chuma kimo udongoni, lakini mmea hauwezi kukichukua. Anayetaka uhakika anaweza kupeleka sampuli kwenye maabara ya udongo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro au ya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano huko Tanga, badala ya kukisia.

Sipingi vinyunyizo vya asili, nami ninavitumia. Mwarobaini, kwa mfano, ni mti wa kuheshimiwa, na yamkini jina lake lenye hesabu ya maradhi arobaini ndilo linalowafanya watu waudhanie kuwa dawa ya kila kitu. Hauponyi mnyauko wala hauondoi upungufu wa virutubisho. Kazi yake ni kuwafanya wadudu watafunaji waache kula na kushindwa kujibadua vizuri ngozi wanapokua, ndiyo maana mtu anayenyunyizia leo na kutarajia viwavi waanguke kesho huona kama amedanganywa. Mbegu zina nguvu kuliko majani. Zikaushe kivulini zisiote ukungu, uziponde, uloweke gramu 50 hivi za unga kwa kila lita moja ya maji usiku kucha, uchuje kwa kitambaa, uongeze sabuni ya maji kidogo ili ishike kwenye majani, kisha unyunyizie jioni, kwa sababu jua huiharibu haraka. Rudia baada ya siku tano hadi saba.

Sabuni peke yake hufaa kwa vidukari, inzi weupe na utitiri, lakini huua wale tu inaowagusa, kwa hiyo ni lazima ifike chini ya majani wanakojificha. Kijiko kimoja kikubwa cha sabuni ya maji kwa lita moja kinatosha; sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani, na hata ile ya maji ijaribiwe kwanza kwenye jani moja na kusubiriwa hadi kesho yake. Kabla ya kufanya hata hilo, tazama kama wamo vile vidudu vya mviringo vyenye madoa mgongoni, kwa kuwa hao huwala vidukari, na mwenye subira ya siku chache mara nyingi huikuta kazi imekwisha. Vilevile majimoto walio kwenye mnazi na mwembe waachwe, hata kama wanauma: ni walinzi dhidi ya wadudu wanaofyonza matunda machanga.

Tumbaku siikubali hata kidogo. Watu huiloweka na kuiita dawa ya asili, na ni kweli inatoka kwenye mmea, lakini nikotini iliyomo ni sumu kali kwa binadamu, hupenya hata kwenye ngozi, na tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoishambulia nyanya. Sioni sababu ya kuikaribisha kwenye mboga ambayo mtoto ataila jioni.

Nyanya ndizo zinazowafanya watu wapoteze fedha nyingi zaidi, nami nimeshuhudia. Jirani yangu mmoja aliona matunda yake yakiota doa jeusi lililobonyea upande wa chini, akauziwa dawa ya ukungu, kisha nyingine, kisha ya tatu, na doa likaendelea. Ule ulikuwa kuoza kitako, na hausababishwi na ukungu. Mmea unashindwa kufikisha kalisi kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu maji yanakuja kwa vipindi: siku tatu za ukame, kisha mafuriko ya ndoo kumi. Tuliweka matandazo ya majani makavu kuzunguka mashina na akaanza kumwagilia kiasi kidogo kila asubuhi, na matunda yaliyofuata yalikuwa mazima.

Mmea unaponyauka ghafla huku majani yakiwa bado ya kijani, likate shina karibu na ardhi na usimamishe kipande chake kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukiteremka ndani ya maji, huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa ya asili wala ya kiwandani. Ng'oa mmea huo na uuteketeze, na mahali hapo usipande nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa muda mrefu. Mmea unaodumaa polepole na kulegea wakati wa jua kali ung'oe pia, utazame mizizi. Vinundu vya minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi, ni uvimbe wa mzizi wenyewe, havibanduki. Visichanganywe na vile vya kunde, ambavyo hubanduka kwa ukucha na mara nyingi huwa na rangi ya waridi ndani, kwani hivyo ni neema, vinaingiza naitrojeni udongoni.

Kuhusu kantangaze, yule nondo mdogo anayeharibu nyanya, nitasema wazi kile ambacho wengi hawapendi kukisikia. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, amekuwa nchini tangu mnamo mwaka 2014, na viwavi wake huishi ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo kinyunyizo cha aina yoyote hufika kwa shida. Tena amekwisha kuwa sugu kwa viuatilifu vingi vya viwandani. Wavu wenye matundu madogo sana unasaidia. Kuchuma majani yenye michirizi kila siku, kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani kunasaidia. Kung'oa mnavu ulioota ovyo karibu na matuta kunasaidia pia, kwa kuwa huo nao ni makazi yake. Lakini kwa mwenye matuta mawili nyuma ya nyumba, asiye na wavu, na ambaye mwaka jana alivuna nyanya zenye matundu, ushauri wangu ni kupumzisha nyanya kwa msimu mzima.

Ndivyo nilivyofanya mwaka huu. Katika matuta yangu mawili ya nyanya nimepanda marejea, mmea wa jamii ya kunde ambao wamonaki wa Peramiho mkoani Ruvuma waliufanyia kazi kubwa ya kuueneza kama mbolea ya kijani, na ambao pia hupunguza minyoo fundo kwa kuwanyima mahali pa kuzaliana. Yamenifika kiunoni sasa, na maua ya kwanza ya manjano yalifunguka juzi. Nitayakata wiki hii, mashina yakiwa bado laini, niyafukie palepale, niweke matandazo juu, na baada ya hapo nitapanda bamia na mchicha.