Daktari, Panauma Hapa Hapa

Mswahili akiumia mguu, kaumia mguu. Kuanzia pajani mpaka kwenye kucha, mguu ni mguu, na anayekusikia anakupa pole yako palepale. Sasa jaribu kuumia kwa Kiingereza. Pole huipati mpaka useme kwanza ni "leg" au ni "foot". Mpaka wameuweka kwenye kifundo: juu jina lake, chini jina lake. Mkono nao umekatwa vivyo hivyo, "arm" huku, "hand" kule. Mimi mwenye mkono nimeishi nao miaka yote hii, huo mpaka sijauona.

Vidole ndiyo kabisa. Vya mkononi "fingers", vya mguuni "toes", utadhani baba zao tofauti. Halafu wapo wanaoshikilia, tena kwa uso mkavu, kwamba "thumb" si "finger", kwa hiyo mtu mzima na akili zake ana vidole vinane. Vinane! Na hicho kidole gumba chenye cheo chote hicho mkononi, kikifika mguuni kinavuliwa madaraka: "big toe". Kidole kikubwa, basi, kaa hapo.

Ningevumilia kama hayo majina yangekuwa ya mwili kweli. Shavu la mguu wanaliita "calf", ndama. Panja ni "temple", hekalu. Mboni ya jicho ni "pupil", mwanafunzi. Ukucha ni "nail", msumari. Kwa hiyo mtu anaweza kulala hoi, ndama amekaza, hekalu linagonga, na mwanafunzi kaingiwa na vumbi, na daktari anaandika tu bila kushtuka. Na ule "funny bone" wa kwenye kiwiko? Kwanza si mfupa, ni neva inayopita pale chini ya ngozi, ndiyo maana ukijigonga umeme unakimbia mpaka kidole cha mwisho. Pili, anayecheka siku zote ni yule aliyesimama pembeni.

Mbele ya daktari haya yote yana dawa: unanyoosha kidole, unasema "here", mambo yanakwisha. Balaa ni simu. Muuguzi ananiuliza kwa upole panauma wapi hasa, nami nimepashika, nimepakandamiza kabisa, lakini simu haioni. Ni muundi! Neno ninalo, tena zuri, ila la upande usiotakiwa. Nikaanza safari: ni mguuni, chini ya goti, juu ya kifundo, upande wa mbele, pale pasipo na nyama, pale unapogonga meza fupi usiku ukitafuta swichi. Kimya. Halafu akasema, "Shin?" Silabi moja! Mimi nimezunguka mguu mzima, kumbe kijineno chenyewe ni kidogo kuliko uvimbe.

Kwenye tumbo nako usiseme. Kwetu tumbo ni la wote: la njaa, la uzazi, la kuendesha, la mwenye kitambi. Wao "stomach" hasa ni ule mfuko wa chakula peke yake, mengine yako ndani ya "abdomen", na ukisema "belly" mbele ya daktari unajiona kama umekuja umevaa kandambili.

Haki isemwe, kisogo tumewashinda. Sisi neno moja, wao mpaka waseme "the back of the head", maneno matano kwa kitu ambacho mwenyewe hakioni. Nikiumwa kisogo nitajidai kweli.

Ila sasa hivi kinachonisumbua ni kinena, na hapo hata kunyoosha kidole siwezi, heshima hairuhusu. Nimeamua kusubiri. Maumivu yakishuka mpaka gotini nitapiga simu, maana "knee" naijua.