Kilo Sitini na Mbili

Hii naihadithia sasa kwa sababu goti la mwenzangu limeshapona na ameniruhusu, yaani hajaniruhusu ila hajakataa. Sisi watu wa pwani, mimi Kisauni yeye Mtwapa, tunaishi Munich mwaka wa nne huu, na miaka yote hiyo theluji kwetu ilikuwa kitu cha kupalilia mlangoni asubuhi huku unalaani. Basi Februari mwaka jana nikapata likizo ya siku sita (mimi nesi, siku sita mfululizo ni muujiza), baba watoto akatangaza safari, kwanza Innsbruck kule Austria tukateleze kwa skii kama wenyeji, halafu treni mpaka Vienna tukazungukie majumba ya wafalme. Watoto tukawabwaga kwa dada yangu.

Nikamuuliza, wewe skii umeijulia wapi? Akasema iko kwenye damu. Damu gani tena? Akaniambia yule binti Sabrina Simader aliyetuwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya baridi 2018 kule Korea Kusini kazaliwa Kilifi, na Mtwapa iko kaunti gani? Si Kilifi? Basi. Nikamwambia mwenzio kakulia hukohuko Austria, wewe umekulia kwenye matatu za Malindi road. Hakunijibu, alikuwa anatafuta jaketi mtandaoni. Akanunua la njano, njano ya embe dodo, kwa sababu amesoma kwamba Franz Klammer, bingwa wa skii wa Austria, alivaa njano kwenye Olimpiki ya baridi 1976 aliposhinda dhahabu kwenye mlima Patscherkofel, hapohapo juu ya Innsbruck, akateremka kwa dakika moja na sekunda 45.73. Hiyo sekunda 45.73 niliisikia treni nzima.

Innsbruck penyewe pazuri jamani, siwadanganyi. Unasimama mtaani katikati ya maduka ukiinua macho ni mlima umekuinamia kama mama mkwe. Kuna ile roshani ya Kaisari Maximilian yenye paa la dhahabu, vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu, nikapiga picha ishirini. Tukala na Kaiserschmarrn, ambayo ni chapati ya mayai nene wameichanachana wakaimwagia sukari ya unga, mpishi angekuwa bibi yangu angesema imemharibikia akaipeleka mezani hivyohivyo, lakini tamu. Siku ya kwanza ilikuwa ya furaha na ndoa ilikuwa salama.

Siku ya pili tukaenda duka la kukodisha vifaa.

Kijana wa pale, fundi, akanipa fomu. Urefu, umri, saizi ya kiatu, uzito. Sasa uzito wa nini, nimekuja kukodi mbao mbili za kutelezea, sikuja kliniki ya wajawazito. Na baba watoto kasimama nyuma yangu anachungulia. Nikaandika 62. Mzani wetu wa nyumbani huwa unasema mengine lakini ule mzani nimeushuku siku nyingi. Chini yake kuna swali la mwisho, wewe ni mtelezaji wa namna gani, 1 ni wa polepole na uangalifu, 2 ni wa katikati, 3 ni wa kasi na miteremko mikali. Mimi nikaweka 1. Nikageuka kumtazama mwenzangu, mtu ambaye theluji yake ya kwanza kukanyaga ilikuwa kwenye paking ya supamaketi, anaweka 3. Anaweka na tiki mbili.

Fundi akachukua bisibisi akazungusha skrubu huku na huku, mbele ya skii na nyuma, akatukabidhi. Hatukuuliza anazungusha nini. Mngeuliza nyinyi?

Buti zenyewe ni plastiki ngumu mpaka karibu na goti, zimekuinamisha mbele, ukitembea unakwenda kama kuku aliyekanyaga lami ya saa nane mchana. Mimi nikajiunga na darasa la wanaoanza, na wanaoanza wote walikuwa watoto wa miaka minne mitano, wana kofia ngumu kubwa kuliko miili, wamepangwa kama uyoga. Mwalimu anapiga kelele "Pitsa! Pitsa!", maana yake ukutanishe ncha za mbele za skii ziwe umbo la kipande cha pitsa ndiyo upunguze mwendo. Mwenzangu akasema yeye hawezi kukaa darasa la pitsa, akapanda lifti akaenda zake juu. Na hakuchagua ule mteremko wa bluu ambao ndio rahisi, akachagua mwekundu. Mweusi ndio mkali zaidi, huo akasema atauonja jioni.

Mimi nateleza mita mbili, klak! Skii ya kulia imevuka. Najiokota, naivaa, mita tatu, klak! ya kushoto. Sijaanguka, wallahi, nimeinama tu kupandisha soksi, klak! Na kuivaa tena si mchezo, theluji inaganda chini ya buti kama unga kwenye mwiko, usipoikwangua buti haliingii, kwa hiyo unasimama mguu mmoja kama korongo unakwangua kwa fimbo huku umemshika mwalimu wa watu kiunoni. Mara kumi na moja. Watoto walianza kuhesabu kwa Kijerumani, mimi nilifurahi kwamba angalau nawafundisha hesabu.

Ile ya kumi na mbili nikaamua kukaa chini kabisa nipumzike, ndipo nikaona embe dodo linashuka.

Mwisho wa ule mteremko mwekundu unaonekana vizuri kutoka pale kwetu. Alikuwa haji kwa miguu wala kwa skii, alikuja kwa ubavu, polepole, hata si anguko la maana, akasimama mita kama hamsini juu yetu kichwa kikitazama bondeni na miguu juu, na skii zote mbili ZIKO MGUUNI. Zimepishana nyuma ya mgongo wake kama mkasi. Kila akijaribu kugeuka huku mkia wa skii unachoma theluji, akijaribu kule goti linapiga kelele, na yeye mwenyewe anapiga kelele, kwa Kiswahili, maneno ambayo mama yake akiyasikia atakataa kumzaa. Pweza aliyeanikwa mnamjua? Yule.

Watu wanampita vuuu, vuuu. Kisha akasimama kitoto, sidhani kilifika miaka sita. Kikamtazama. Kikachukua kifimbo chake, kikabonyeza pale nyuma ya kisigino, klak. Mguu wa pili, klak. Kikasema "bitte" kikaenda zake. Mwanamume wa miaka arobaini na moja, mhandisi, kafunguliwa na mtoto kama ndoo ya mchele.

Alimaliza zile mita hamsini kwa makalio, skii kazikumbatia kifuani. Tangu apande lifti ilikuwa saa moja na dakika ishirini, Klammer angekuwa ameshateremka akaoga akajenga nyumba. Sasa mnakumbuka Olimpiki ya baridi ya Nagano 1998, Philip Boit wetu alipomaliza wa mwisho kwenye kilomita kumi za skii na yule bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, akamsubiri mstarini akamkumbatia? Nami nikasimama pale chini nikafungua mikono. Akanipita akasema, "Usithubutu, bibie."

Kesho yake asubuhi tukarudi dukani kulalamika. Yaani tulikwenda kwa hasira kabisa, mimi skii mbovu haishiki, yeye skii mbovu haiachii. Fundi akasikiliza, akachukua fomu zetu, akaeleza kwa upole kama anawaeleza watoto wa jana. Kumbe zile skrubu ndizo zinazoamua skii iachie mguu kwa nguvu kiasi gani ukianguka, na anazipima kwa uzito wako na mwendo wako. Mtu mwepesi analegezewa. Mtu wa kasi anakazwa, zisimvuke njiani. Akamtazama mwenzangu. "Nambari 3?" Kimya. Akanitazama mimi, hakusema kitu, akainama akatoa mzani chini ya kaunta.

Sitaandika ulisema nini. Baba watoto aliuona, akafumba mdomo, na kwa hilo Mungu atamlipa.

Vienna tukafika tukiwa na mapaja ya mawe. Kuketi chooni ilibidi nishike sinki. Na mwenzangu keshaniahidi tutapanda mnara wa kanisa la Mtakatifu Stefano, ule wa kusini, ngazi 343 za kuzunguka kama konokono, akasema ngazi ndizo dawa ya misuli. Kupanda tulipanda. Kushuka ndiko kulikotushinda, goti lake halikunji, langu halinyooki, tukageuka tukashuka kinyumenyume tumeshikana mikono, Wajapani wanapanda wanatupisha kwa heshima wakidhani ni ibada.

Tunafika chini, naona kibao. Mnara wa kaskazini una lifti.

Sikumwambia neno. Nilitembea nikakata tiketi mbili, akanifuata. Ile lifti inakupeleka kwenye kengele inaitwa Pummerin, ya kwanza iliharibika kanisa lilipoungua 1945 wakasubu nyingine 1951, nayo ina tani zaidi ya ishirini. Tani! Nikaisogelea nikasimama ubavuni mwake, nikanyoosha mtandio, nikamwambia baba watoto anipige picha.

Akaielekeza simu, akasita. "Niandike nini chini yake?"

"Andika sitini na mbili."